Vibao vya Shaba

Nakaa nyuma ya dirisha la chumba cha taa,
mgodi wa Ludmila, Silesia ya Juu.
Anayeshuka hunipa kibao chake cha shaba,
mimi humpa taa.
Biashara yetu ndiyo hiyo: namba kwa mwanga.
Akipanda hurudisha taa, huchukua namba,
huondoka akikohoa, theluji ikamlaki getini.

Usiku huu misumari ishirini na saba imevaa shaba.

Saa nane kasoro robo kikombe changu kilitikisika.
Kidogo tu. Chai ikachora duara.
Halafu simu. Halafu king'ora.
Halafu meneja Wyrobek, kofia mkononi,
akauliza: "Wako wangapi?"

Wangapi.
Simlaumu, hata mimi nilishaanza kuhesabu.
Ila ulimi ulizikataa namba.
Nikagusa mia nne na tatu, nikasema: Gerard,
alambaye chumvi kiganjani kabla ya kushuka.
Mia nne kumi na moja: Zefiryn,
mkewe ana mimba na bado ni siri, mimi naijua.
Mia nne thelathini: mzee Alojzy,
nina deni lake la zloti kumi, naye hujifanya kasahau.
Nikaenda hivyo, msumari kwa msumari,
Mtakatifu Barbara akinitazama ukutani,
rangi imembanduka puani.
Mia tano na mbili

ni Eryk.
Jioni nilimfunga skafu mbele ya wenzake,
akaona haya, akanisukuma mkono.

Naogopa, Bwana. Nisikudanganye.
Hofu imenikaa kooni kama vumbi la makaa,
haimezeki, haitemeki.
Padri huwa na maneno mazuri kwa saa kama hii,
mimi nina hili moja tu:
nawe uliwahi kulazwa ndani ya mwamba,
jiwe mlangoni,
na watu wa juu wakakutoa katika hesabu.
Basi njia ya kule unaijua.
Huhitaji taa yangu.
Kaa nao. Wewe usiyeuliza wangapi,
kaa karibu na yule mwenye skafu ya kijani,
anaogopa giza tangu utotoni
na hatakubali kusema.

Mimi sina kibao.
Nikidondoka hapa sakafuni hakuna msumari utakaonitaja.
Nilikuwa nikiliwaza hilo zamani, usiku kama huu,
nikijiona kama kiti cha chumba hiki.
Leo, katikati ya majina, nikasikia nimelitaja na langu:
Jadwiga, mgawa taa.
Nimelitaja kama mtu anayeitikia.

Hofu haikuondoka.
Ilisogea tu, ikaniachia nafasi ya kuketi.

Saa kumi na moja kebo imeanza kulia.
Kizimba kinapanda, sijui kimebeba nani.
Wyrobek anakimbia uani bila kofia.
Nafungua dirisha, baridi inaingia yote.
Kiganjani mwangu mia tano na mbili
imepata joto.