Robo ya Mzunguko

Mnyororo hupiga kelele. Ukilegea, mtaa mzima unajua,
hata muuza mayai wa Kariobangi anakuinulia mkono:
kaka, mnyororo huo.
Mkanda una tabia nyingine.
Mkanda hufa kimya.

Pikipiki ya marehemu ililetwa Jumanne, baridi ya Julai,
juu ya mkokoteni, imefungwa kamba ya katani
kama mbuzi wa mahari.
Mumbua, bintiye, alikuwa nyuma akisukuma.
"Inavuta upande," akasema. "Mnunuzi anakuja Ijumaa."

Nikachuchumaa, nikapitisha kidole ukingoni mwa puli:
unga mweusi, laini kama wanja.
Mkanda ulikuwa ukijila wenyewe,
asubuhi ukienda kazini, jioni ukirudi Umoja,
na hakuna aliyesikia ukitafuna.

Shiundu alitaka kufuata alama za kiwandani.
Nikamwambia alama ni maneno ya mtu asiyekuwepo.
Lete spoku ya baiskeli, ikunje ncha,
ivishe kipande cha ndala, kiteleze kama shanga.
Pima kutoka kitovu cha mkono wa nyuma hadi kitovu cha gurudumu,
kushoto. Ndala isisogee. Zunguka. Sasa kulia.
Ikakosa kwa upana wa punje ya mchele.
Punje ya mchele, Shiundu.
Hakuna aliyeshiba kwa punje moja,
lakini kijiwe cha ukubwa huo kimevunja meno ya watu.

Tena tazama: nati ya kushoto inang'aa,
pembe zimelika kwa spana ya miaka.
Ya kulia bado ina rangi yake ya dukani
na utando wa buibui.

"Nani alikuwa akiikaza?"
"Baba. Jumapili, akitoka kanisani, na suti yake."
"Na huku kulia?"
Akanyamaza mpaka lori moja likapita lote.
"Tuliilaza koridoni, kwa sababu ya wezi.
Kulia kulikuwa ukuta. Kuigeuza
ni kumbishia Mama Kerubo atoe jiko lake,
na jiko likitoka, maneno nayo yanatoka."

Basi ndivyo ilivyokuwa.
Mzee Ngumbau alikaza pale mkono ulipofika,
na gurudumu likajifunza umbo la ploti.

"Panda," nikamwambia. "Mkanda haupimwi bila mtu."
Akapanda kama anayekaa kiti cha mwenyeji,
nusu ya matako hewani.
"Baba alikuwa kilo tisini na nne."
"Huyo mnunuzi je?"
"Hata simjui."
"Basi kaa vizuri. Tutapima wewe."

Nikalegeza ekseli. Kulia, robo ya mzunguko.
Nikazungusha gurudumu kwa kiganja, nikatazama mkanda
ukitafuta njia yake.
Robo tena.
Kila mwaka wa bajeti tunaambiwa tukaze mikanda,
na hakuna anayetaja robo, hakuna anayetaja beringi.
Mkanda uliokazwa kupita kiasi haukatiki wenyewe:
unaua kwanza kile kinachouzungusha.
Nikabonyeza katikati kwa kidole gumba.
Ukakubali upana wa kidole, ukakataa zaidi.
Hapo.

Shiundu akapima. Ndala ikagusa kulia
ilipogusa kushoto. Akapima tena, hakuamini,
kisha akafuta ule unga kwa tambara
na Mumbua akalitazama lile tambara
muda mrefu kuliko linavyostahili.

Alizunguka mara mbili, hadi kwa mchoma vyuma na kurudi.
Hatukusikia chochote ila tairi juu ya kokoto.
Hakuzima injini.
"Inakazwa kila baada ya muda gani?"
"Iangalie kila kilomita elfu nane, ikiwa baridi.
Uhakikishe tu unafika pande zote mbili."

Akahesabu noti, akazihesabu upya,
akawa kama anayepima kitu kwa macho, nyumbani kwao,
mlango, jiko, ukuta.

"Sasa," akasema, "nitailaza wapi?"