Kadi ya Kijani

Treni ya saa kumi na moja na nusu alfajiri kutoka Hull
ilikuwa baridi kama friza. Doreen alileta chai kwenye chupa
na orodha yake ya wabunge kwa wino mwekundu:
waliotia sahihi, waliokataa,
na wale walioandika "nitalifikiria,"
ambao kwa hesabu ya Doreen ni waliokataa wenye adabu.

Sahihi zimefika arobaini na moja.
Kwetu arobaini ni siku ya kuondoa tanga:
hitima husomwa, mikeka hukunjwa, watu hurudi makazini.
Mimi arobaini nimezivuka nyingi
na mkeka wangu bado uko chini.

Mwanaheri alikuwa akiwasindikiza watoto shule.
Kazi yake hiyo tu: kutembea nao
toka upande huu wa kizuizi hadi upande ule,
asubuhi kwenda, adhuhuri kurudi,
amevaa kizibao cha njano
ambacho hata ukungu wa Humber usingekificha.
Nchi ile sitaitaja. Barua za wizara nazo haziitaji,
zinaiita "mshirika wetu."
Mshirika wetu amechunguza.
Mshirika wetu ameridhika.
Ripoti ya mshirika wetu, kurasa mbili na nusu,
inasema marehemu alivaa nguo nyeusi,
na jina lake imeliandika kwa namna tatu,
zote si lake.

Bungeni, foleni. Mkoba ukapita kwenye mashine.
Mlinzi, kijana mwenye chunusi, akauona mfuko wa plastiki.
"Mama, hiki ni nini?"
Nikakitoa. Njano.
Chini ya mfuko wa kushoto pana tundu
ambalo kidole changu kinalijua.
Hakuligusa. Akauliza, "Ilikuwaje?"
Watu nyuma yetu wakaguna
nami nikamweleza, nikamweleza,
kwa sababu katika miaka minne
ndiye wa kwanza kuniuliza bila kutazama saa.
Akakikunja kama shati la Idi, akanirudishia.

Ukumbi una pembe nane, watakatifu juu ya milango.
Hapa raia hujaza kadi ya kijani
kumwita mbunge wake atoke.
(Binamu yangu wa Baltimore ana kadi ya kijani ya aina nyingine.
Yake inamruhusu kukaa. Yangu inaniruhusu kungoja.)
Jina. Anwani. Sababu ya kutaka kuonana:
mstari mmoja, mfupi kuliko kidole.
Kalamu ikanitoroka, ikaandika Kiswahili:
uchunguzi.
Doreen akauliza maana yake.
Nikamwambia, ni uchungu, uliooteshwa mkia.

Akatoka saa nane na robo, tai imelegea,
mtu mwema, simkatai.
Akanipa pole.
Kwetu ukipewa pole unajibu, nimeshapoa.
Nikafumba mdomo.
Akasema mambo ni mazito. Akasema mahusiano, wakati,
na kwamba waziri ameshaulizwa.
Kuuliza si ujinga, nilifunzwa chuoni;
hawakunifunza kuuliza mara ya kumi na tisa
kunaitwaje.

Nikakitandika kizibao kwenye benchi la ngozi, kati yetu.
"Hii rangi gani?"
Akatazama vigae.
"Mheshimiwa. Rangi gani?"
Kundi la watoto wa shule likapita na mwalimu wao,
wawili wawili, wameshikana mikono,
na mmoja, nisiyemuuliza, akasema, "Njano!"
kisha akavutwa.
Mbunge akakohoa.
"Njano," akasema, taratibu, kama anayesoma.
Doreen akaandika: njano, saa nane na dakika ishirini na nne,
mashahidi wawili.

Kuhusu sahihi, alisema atalifikiria.
Doreen akafungua kalamu nyekundu, akasita,
akaiacha nafasi ile wazi.
Treni ya kurudi ilikwama Doncaster saa nzima.
Tiketi za Jumanne tumeshakata,
zile za bei rahisi, zisizorudishiwa hela.