Kufungua, Kufunga

Euro tisa kwa mwaka: ndiyo bei ya jina langu.
Nililinunua Januari, hapa Šiauliai, theluji imefika kwenye vitasa vya mageti,
bila ile nukta inayokaa juu ya herufi ya mwisho,
maana mteja wa mbali hana kitufe chake.
Danguole, basi. Kichwa wazi.
Mama angenuna.

Pa kuliweka nilipewa bure.
Sikuamini. Nilisoma masharti yote
kama anayetafuta mwiba kwenye samaki.

Mpwa wangu Rytis alikuja na mapendekezo yake:
picha zinazoteleza zenyewe, muziki unaojianzisha,
kalenda, roboti ya kusalimia wageni.
Nikamwambia, mwanangu, mimi natengeneza kodiani.
Nataka ukurasa mmoja.
Mtu afike, asome, ajue pa kubisha.
Akala keki yangu ya mbegu za popi, akaenda zake,
akaniachia kompyuta iliyong'oka kitufe cha U.
Nakibonyeza kwa ncha ya bisibisi.

Nilijifunza usiku, baada ya kazi.
Somo lilikuwa lilelile la utotoni:
unachofungua, kifunge.
Alama ya kufungua, maneno, alama ya kufunga yenye mshazari;
mvukuto unavuta pumzi, mvukuto unaitoa.
Usiku wa tatu nilisahau mshazari mmoja tu
na ukurasa mzima ukapiga kelele kwa herufi nene,
kuanzia jina langu hadi namba ya simu,
kama mlevi harusini aliyeshika kipaza sauti.
Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Kisha maandishi. Haya tu:
Narekebisha kodiani. Naziba mivukuto, napatanisha sauti.
Jumanne hadi Ijumaa, saa tatu mpaka saa kumi.
Piano sigusi.
Mlango wa kijani; sukuma kwa bega.

Hapo ndipo nilipogundua alama nyingine,
ya kufichia maneno. Mashine huyapita
kama mtu anayekatiza makaburini bila kusoma mawe.
Sikuwa na la kuficha. Vidole vikaandika vyenyewe:
Albinas, mlango bado unakwama.
Uliahidi kuupiga randa kabla ya baridi.
Hii ni baridi ya nne.
Nikafunga alama. Nikachapisha. Nikalala.

Februari hakuja mtu.

Machi ikaja barua pepe moja, si ya mteja.
Ni bwana wa Daugavpils, ng'ambo ya mpaka,
naye anajifunza kutengeneza ukurasa, wa mizinga yake ya nyuki,
na huwa anafungua kurasa za watu kwa ndani
aone zimeshonwaje.
Aliomba radhi, kama aliyeingia chumba kisicho chake.
Halafu: "Usiupige randa. Umevimba kwa unyevu; ukikauka utapwaya.
Paka sabuni kavu kwenye ukingo."

Nilikaa na barua ile mpaka chai ikapoa.
Aibu kwanza. Kisha kitu kingine, sikijui jina,
na majina, nimekwambia, hununuliwa.

Nikachukua kipande cha sabuni ya kufulia.

Alhamisi akaja mteja wa kwanza, kijana wa Radviliškis,
msomaji makini, mtiifu kwa kila neno langu:
alisukuma kwa bega
akaingia mzimamzima hadi kwenye meza ya kazi,
kodiani ya babu yake kifuani
ikatoa mlio mmoja mrefu, mbaya, hai.

Jioni nilifuta lile la bega.
Yale yaliyofichwa nimeyaacha palepale
na chini yake nimeongeza neno moja,
nikibonyeza U kwa bisibisi, mara mbili:
umefunguka.