Inchi Mbili

Baba alidhani ni utani:
mtu mzima, bastola kiunoni,
amepiga magoti juu ya mawe ya gati
anampima samaki kwa rula
kama fundi anayempima bwana harusi.
"Nchi hii," baba akaninong'oneza,
"hata samaki wana polisi wao."

Macho ya samaki yalikuwa kioo chenye ukungu.
Inchi kumi na tatu.
Ziwa Erie linataka kumi na tano.
Ndooni wanne wengine, wafupi vilevile,
na leseni ya baba ni ya mwaka uliokwisha,
imekunjwa pochini
pamoja na picha ya mama na risiti ya matairi.

Askari hakufoka. Hilo ndilo lililotupoteza.
Aliandika karatasi ya njano, akamwita baba bwana,
akatutakia jioni njema,
akawarudisha samaki majini mmoja mmoja.
Wawili waliogelea.
Watatu walielea ubavu.

Jumatatu baba alilipa, taslimu,
kabla ya zamu yake kwenye kiwanda cha plastiki
anakotengeneza vifuniko vya chupa asizozijua.
Karatasi akaitia kwenye droo, chini ya vijiko.
Tukasahau.
Mimi hasa nilisahau,

na mimi ndiye niliyejaza fomu.
Nina miaka kumi na sita, nina kalamu nyeusi kama walivyoagiza,
maharage yako jikoni, mdogo wangu anataka simu.
Swali lilikuja na maneno yamepanga foleni:
kukamatwa, kushtakiwa, kuandikiwa, kufungwa.
Nikaona foleni ndefu. Nikaita moja.
"Baba, umewahi kukamatwa?"
"Na nani? Tangu Nyarugusu sijaguswa na mkono wa askari."
Nikatia alama penye Hapana.
Alama ndogo, haifiki hata gamba la samaki.

Pittsburgh, ghorofa ya tatu,
mama mmoja wa sweta la kijani alimuuliza historia
na baba akajibu yote,
maana alikuwa akiisoma bafuni kwa sauti, miezi minne.
Kisha akafunua faili.
"Bwana Wilondja, hapa naona tarehe tisa Juni. Jambo la samaki."
Baba akafurahi kukumbukwa.
"Ndiyo! Wadogo!" Akaonyesha kwa viganja.
"Basi mbona uliandika hapana?"

Hapo viganja vikabaki hewani,
inchi kumi na tatu kati yao.

Angeweza kusema: binti yangu.
Neno hilo analo kwa lugha nne.
Alisema: "Nilikosea."

Wakili Petrosky anakula biskuti akitueleza.
Samaki wenyewe, anasema, wangesamehewa.
Faini ililipwa, ziwa halina kinyongo.
Kinachosumbua ni ile Hapana,
kwa sababu huku kosa lina bei
lakini uongo una mizizi,
na sasa watachimba kuona imefika wapi.
Mwezi wa saba huu tunasubiri barua.
Maombi ya kumleta bibi yamekaa nyuma ya barua hiyo,
na bibi hazidi kuwa kijana.

Jumamosi mama alileta sato wa barafu kutoka dukani.
Baba akamgeuza, akamwangalia mkiani.
"Huyu amepimwa?"
Hakuna aliyecheka.
Halafu mama akacheka, peke yake, mpaka akakaa chini.

Usiku nimeitoa ile karatasi. Inanuka bizari.
Naisoma neno kwa neno, kama ilivyonipasa.
Kuandikiwa. Si neno gumu.
Nikampigia bibi, nikamuuliza, asijue kwa nini:
mtu akiulizwa kama amewahi kuandikiwa, ajibu nini?
Hakufikiri hata kidogo.
"Mjukuu wangu, nani hajaandikiwa?"
Kisha salio likaisha.