Kabla ya Ufa

Khashuri, karakana ya reli, alfajiri.
Theluji imejibanza kwenye kingo za madirisha,
na ekseli iliyovuliwa magurudumu imelazwa juu ya magogo
kama mgonjwa anayekana kwamba anaumwa.

Tsiala anaifuta grisi kwa kipande cha fulana kuukuu.
Chuma kinang'aa. Wino mwekundu umepakwa, umepanguswa:
hakuna mstari, hakuna hata unywele.

Baba yake, Nugzar, aligonga magurudumu kwa nyundo
miaka thelathini na mmoja, stesheni hii hii.
Likilia ngiii, zima.
Likilia ngo, ling'olewe.
Jumatatu moja lilimlilia ngiii,
Alhamisi ekseli ikakatika kwenye mteremko wa Surami.
Hakufa mtu. Mabehewa mawili ya mahindi yalimwagika korongoni,
kunguru wakanenepa hadi Machi.
Nyundo ikatundikwa jikoni. Hakuishika tena.

Anayeziba ufa
amekwisha chelewa.

Kwa hiyo binti anabandika sumaku, na koili ndogo kama kifungo cha koti,
anavaa visikizio.
Sumaku inavuta huku, inavuta kule,
na ndani ya chuma vijiji vya punje vinageuka,
si kwa pamoja, bali kwa kushtukashtuka,
kama abiria waliosinzia benchini wakiitwa majina.
Msukosuko huo una sauti:
chumvi ikimiminwa juu ya karatasi.

Anasogeza. Chumvi.
Anasogeza. Chumvi.
Karibu na bega, pale gurudumu lilipokaa,
chumvi inapungua.
Anarudi nyuma, anapima tena, anabana pumzi.
Inapungua.
Kuna kitu humo kimejikunja, hakigeuki kikiitwa.
Chuma hakijui kusema nimechoka,
kinajua tu kunyamaza kidogo.

Malkhazi, msimamizi, anakuja na chai yake na orodha yake.
"Ufa uko wapi?"
"Bado."
"Kama bado, iende."
"Kwa sababu bado, haiendi."
Anaandika msalaba kwa chaki. Chaki inakatika, anaandika kwa kilichobaki.

Treni ya saa nne inaondoka na ekseli nyingine.
Mwanamke mmoja dirishani anamenya chungwa.

Jioni, Nugzar anavua viatu taratibu, mkono ukutani.
"Mzima, baba?"
"Mzima tu."
Binti anasimama na sufuria mkononi,
chini ya nyundo,
anamuuliza tena.