Utepe

Muuguzi alizungusha utepe mkononi mwa Ajwang',
ukasimama kwenye manjano.
"Mpe protini," akasema,
kama mtu anayekutuma dukani
kwa pesa zako mwenyewe.

Nina mia na ishirini.
Yai moja halijui kugawanyika
kwa watoto watatu bila ugomvi.
Nyama naijua kwa harufu, ukutani kwa jirani.
Maharagwe hununuliwa mara mbili:
kwa Nyangweso, kisha kwa muuza makaa.
Basi omena, mikebe miwili.
Wadogo, lakini huja wazima, na macho yao.

Ijumaa nikashuka Obunga kwenye mgongo wazi:
sangara aliyepanda ndege
akatuachia mifupa, na kichwa.
"Chukua huyu, ana shavu," Perez akaninong'oneza.
Walionunua mnofu hawajui shavu.
Hawajui kilichojificha nyuma ya jicho.
Vidole vyangu huingia humo
kama vya mtu atafutaye ufunguo gizani.

Nilichambua hadi jiko likazima.
Bakuli la Ajwang' likajaa,
la kaka zake nusu,
langu mchuzi,
na mchuzi nao humkumbuka samaki.

Utepe ni Jumanne ya pili.
Mimi hupima kila usiku akishalala:
gumba na kidole cha kati, kuuzunguka mkono wake.
Juzi vilikutana.
Leo, sijui ni mkono
au ni vidole vilivyovimba kwa miiba,
umebaki upenyo,
mwembamba kama omena.