Mkono wa Pajama

Mwezi wa Mei, mpea ukishamaliza kumwaga maua,
natundika shuka la mama kwenye kamba ya nguo,
lile lenye kiraka pembeni kilichoshonwa kwa uzi mwekundu
maana mweupe uliisha na duka lilikuwa limefungwa.
Nawasha taa ya zebaki. Inanguruma kidogo.
Kisha nakaa juu ya ndoo niliyoipindua,
kamera mapajani, kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.

Subira huvuta heri, husemwa.
Yangu, miaka mitatu, imevuta mbu,
mbawakawa wanaojigonga kama walevi wa sikukuu ya mvinyo,
na barua mbili za Vendel wa ng'ambo ya ua:
"Bibi Etelka, taa yako inalala kitandani kwangu."
Sikujibu. Ningejibu nini? Ni kweli.

Wadogo nimewapata, sikatai.
Wa kijivu, wa rangi ya chai iliyopoa,
mmoja wa waridi na kijani, kama peremende iliyolambwa ikarudishwa.
Wote nimewaandika katika daftari nililotoka nalo stesheni,
kwenye safu ya treni zilizochelewa.
Lakini yule mkubwa, wa kiganja kizima,
mwenye macho manne yasiyoona,
huyo nilimjua kwa mabawa tu,
asubuhi, juu ya kizingiti,
paka wa Vendel ameshamaliza yaliyo katikati.
Nilikaa kwenye ngazi nikayapanga
kama vipande vya sahani ya arusi.

Juzi, saa sita na nusu usiku,
lango likalia. Vendel.
Pajama ya mistari ya buluu, viatu vya bustani,
kidole kimeshanyooshwa, maneno yameshapanga foleni mdomoni.
"Bibi Etelka, mimi kesho asubuhi—"

Hakumaliza.
Kitu kilitoka upande wa vilima vya Mecsek, kizito, bila haraka.
Nikadhani popo.
Kikaizunguka taa mara mbili, kikalipita shuka,
shuka la mama, nililolipiga pasi kwa ajili yake,
kikatua kwenye mkono wa pajama.

"Usitikisike."
"Nini hiki?"
"Usitikisike, Vendel. Na usipumulie upande huo."

Mtu mzima, mkaguzi wa mizani za masoko maisha yake yote,
akatulia kama maji ya mtungini,
mkono mbele, kidole bado kimenyooka,
kinaushtaki mpea.

Nikapiga magoti kwenye umande.
Nondo alikuwa anatetemeka, wala si kwa hofu:
ndivyo anavyopasha mwili kabla ya kuruka.
Mimi pia nilitetemeka, ila sikuwa na pa kuruka.
"Ataniuma?" akanong'ona.
"Hana mdomo. Alikula yote alipokuwa kiwavi.
Sasa anaishi kwa akiba."
Kimya. Kisha: "Kwa siku ngapi?"
"Wiki. Pengine kasoro."
"Basi piga upesi," akasema, "usimcheleweshe."

Nilipiga arobaini na moja.
Katika arobaini, mabawa ni moshi;
kilichotulia ni kifungo, matundu manne,
na uzi wake unaoning'inia.
Katika moja tu limetokea jicho,
duara ndani ya duara, na unga wake kama masizi yaliyochekechwa,
na nyuma yake, ukunguni, kidevu cha Vendel,
kinywa wazi, mtoto kwenye dirisha la treni yake ya kwanza.

Hiyo niliitia kwenye sanduku lake la barua. Bila barua.

Jana jioni alikuja kabla sijawasha taa,
amebeba ndoo yake mwenyewe,
akauliza, macho chini,
kama wanapenda pajama iliyofuliwa
au nimsubiri arudi akavae ile ya juzi.
Paka amemfungia jikoni.
Tulikaa tukimsikia akilalamika.